Mjomba asema NSSF ni wizi, shemeji asema ni kujenga taifa: nifuate hesabu ya nani?

"Nina miaka 38, naishi Donholm, Nairobi, na nafanya kazi ya stoo Industrial Area. Mshahara wangu ni 80,000 kabla ya makato. Haujaongezwa tangu 2022, lakini kinachoingia benki kimepungua. Nyumbani kila Jumapili ni vita. Mjomba ni upinzani damu. Anasema NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ni wizi, pesa zimeshaliwa kulipa madeni na kujenga barabara, na wakishinda 2027 makato yote yatafutwa. Shemeji ni wa serikali. Anasema sisi tunaokatwa ndio tunaojenga taifa, na kwamba Ulaya wanalia sasa kwa sababu vijana wao hawatoshi kuwalipa wazee. Juzi meneja ameniambia naweza kuacha ajira nisaini kandarasi kama mshauri, nilipwe 80,000 zilezile, nikatwe asilimia 5 tu. Nimepata ploti Joska ya 600,000 na nafikiria tofauti hiyo niiweke huko. Nichague nini? Na je, NSSF itakuwepo nikifika 60?"

Dada, meza yenu ya Jumapili inachanganya mambo matatu ambayo hata majukwaani huchanganywa makusudi. Kuna pesa inayokatwa ikabaki kuwa yako. Kuna pesa inayokatwa ikaingia kapu la bima la watu wote. Na kuna kodi. Zote zinatoka kwenye hati moja ya mshahara na zote tunaziita makato, basi mtu akikasirishwa na moja anazilaani zote, na akiitetea moja anazitetea zote. Tuzitenganishe kwanza, kisha tuje kwa mjomba, shemeji na meneja. Meneja ndiye ninayemwogopa zaidi.

Kwa viwango vilivyoanza Februari 2026, NSSF inachukua asilimia 6 ya mshahara wako mpaka kikomo cha 108,000. Kwako ni 4,800. Hati nyingi huigawa mara mbili: Tier I ni asilimia 6 ya zile 9,000 za kwanza, yaani 540, na Tier II ni 4,260 zinazobaki. SHIF, bima ya afya, ni asilimia 2.75, yaani 2,200. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 1,200. Jumla ni 8,200, na tangu mabadiliko ya sheria ya kodi ya Desemba 2024 zote tatu zinaondolewa kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa. PAYE, kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 71,800: asilimia 10 ya 24,000 za kwanza, asilimia 25 ya 8,333 zinazofuata, asilimia 30 ya zinazobaki, kisha unapunguziwa 2,400. Inatoka kama 13,923. Mkononi unabaki na 57,877 hivi. Ikiwa kiasi chako kiko mbali na hapo na huna mkopo wa sacco wala makato mengine, muulize anayeshughulikia mishahara akuonyeshe hesabu yake.

Sasa urudi 2022 na mshahara huohuo. NSSF ilikuwa 200, NHIF (bima ya afya iliyotangulia SHIF) 1,500, ushuru wa nyumba haukuwepo, na PAYE, baada ya nafuu ndogo ya bima, ilikuwa kama 16,098. Ulipata 62,202. Umepungukiwa na shilingi 4,325 kwa mwezi, kwa hiyo malalamiko yako yana msingi. Lakini angalia zilikokwenda. NSSF imeongezeka kwa 4,600, bima ya afya kwa 700, nyumba kwa 1,200, halafu PAYE yenyewe imeshuka kwa 2,175. Pesa kubwa iliyotoka mkononi mwako imeingia akaunti yenye jina lako, na mwajiri analazimika kuweka 4,800 nyingine juu yake. Mjomba hilo halisemi. Shemeji naye hasemi kwamba zile 1,200 za nyumba ni kodi kama kodi nyingine: hakuna akaunti yenye jina lako, na hutarudishiwa ukistaafu. Za SHIF ni bima: unazifaidi ukiugua, na usipougua zinamtibu mwingine.

Kuna jambo ambalo halikutajwa mezani kabisa, nalo limekuumiza kuliko yote haya. Bei za vitu zilipanda kwa wastani wa asilimia 7.7 mwaka 2023 na asilimia 4.5 mwaka 2024. Kwa miaka hiyo miwili peke yake, 80,000 ambazo hazijaongezwa zinanunua kile ambacho 71,000 hivi zilinunua 2022. Karibu 9,000 zimeyeyuka bila mswada wowote kupita Bungeni, na hilo ni zaidi ya maradufu ya 4,325 zilizokatwa. Mazungumzo ya kwanza unayopaswa kuwa nayo na meneja ni ya nyongeza ya mshahara, kabla ya mengine yote.

Twende kwa mjomba. Uchungu wake naufahamu unakotoka. Kwa miaka mingi mchango wa NSSF ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri. Hata mtu akichangiwa 400 kila mwezi kwa miaka 25 bila kukosa, ni 120,000 kabla ya riba. Watu walistaafu wakapewa hundi isiyotosha kuezeka nyumba. Ongeza habari za miaka ya 1990 za mfuko kununua viwanja kwa bei za kuruka, na utaelewa kwa nini kizazi chake hakitaki kusikia jina hilo. Lakini sababu kubwa ya hundi ndogo ilikuwa mchango mdogo. Sheria ya kuubadilisha ilipitishwa 2013, ikapelekwa mahakamani, ikatangazwa kinyume cha katiba Septemba 2022, kisha Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo tarehe 3 Februari 2023. Mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Juu ilirudisha kesi kwa Mahakama ya Rufaa, na makato yakaendelea. Muda wote huo wa kesi watu walishangilia kubaki na pesa zao mkononi, wakaendelea kuweka 400 kwa mwezi. Waliokuwa na miaka 50 wakati huo ndio wanaostaafu sasa.

Je, pesa zimeliwa kulipa madeni? Hapa anachanganya kukopesha na kuiba, ingawa kukopesha nako kuna hatari zake. Mifuko ya pensheni nchini ina mali ya zaidi ya shilingi trilioni 2, na sehemu kubwa kuliko zote iko kwenye bondi na hati za serikali. Maana yake ni kwamba mfuko umeikopesha Hazina ya Taifa kwa riba, kwa muda maalumu. Benki zinafanya hivyohivyo. Serikali ikilipa, unapata riba. Ikishindwa, wewe ni mdai. Kwa hiyo deni la taifa linakuhusu mara mbili: kama mlipa kodi, maana riba peke yake inameza takriban theluthi ya mapato ya kodi, na kama mstaafu mtarajiwa ambaye akiba yake ndiyo iliyokopeshwa.

Tazama Ghana. Desemba 2022 serikali ilitangaza kubadilisha bondi zake za ndani kwa nyingine za riba ndogo na muda mrefu zaidi. Vyama vya wafanyakazi vilitishia mgomo, mifuko ya pensheni ikaachwa nje kwa wakati huo, kisha 2023 ikaletewa mpango wake wenyewe wa kubadilishana. Pesa haikutoweka, ila masharti yalibadilika. Mtu anayetaka kupigania pensheni yake Kenya aanzie hapo: anayeomba kura atueleze atakopa kiasi gani, kwa ajili ya nini, na atalipaje. Hilo lina uzito kuliko kelele za "wezi" na "wasaliti".

Kuhusu barabara, ni kweli NSSF imeingia na kampuni ya China Road and Bridge Corporation katika ujenzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo magari yatailipia. Mjomba anasema ni wizi na shemeji anasema ni uzalendo. Wote wawili wanalikwepa swali lenyewe. Mifuko mikubwa ya pensheni duniani huwekeza kwenye barabara na bandari, kwa sababu mapato yake huja polepole kwa miaka mingi, kama vile pensheni inavyolipwa. Lakini wadhamini wa mfuko hawakuwekwa pale kujenga taifa. Waliwekwa kulinda pesa yako. Barabara ikilisaidia taifa na ikakurudishia faida ndogo kuliko mfumuko wa bei, wewe umelipa kodi ya pili bila kuambiwa. Maswali ya kuuliza ni haya: ni sehemu gani ya mfuko iliyowekwa pale, nani anapanga ada ya barabarani na nini kitatokea wabunge wakiishusha kabla ya uchaguzi, magari yakiwa machache kuliko yaliyokadiriwa nani anabeba hasara, na mfuko unaweza kuuza hisa zake kwa nani ukihitaji fedha. Majibu yakiwa mazuri, barabara ni uwekezaji mzuri. Yakifichwa, mjomba ana haki ya kupiga kelele, tena apige zaidi.

Shemeji naye na hadithi yake ya Ulaya. Ufaransa ilipopitisha sheria ya kupandisha umri wa kustaafu kutoka 62 hadi 64 mwaka 2023, mitaa ilijaa waandamanaji, lakini hofu ya serikali haikuwa ya bure. Mfumo wao ni wa papo kwa papo: mchango wa anayefanya kazi leo unamlipa mzee wa leo. Wazee wakiongezeka na vijana wakipungua, lazima mchango upande, pensheni ipungue, au umri wa kustaafu usogezwe. Marekani iko hivyohivyo. Kila upande, mfanyakazi na mwajiri, unatoa asilimia 6.2 ya mshahara, na wadhamini wa mfuko wao wanakadiria kwamba akiba ya pembeni itaisha miaka ya mwanzo ya 2030. Baada ya hapo michango inayoingia itatosha kulipa kama robo tatu tu ya kilichoahidiwa. Vyama vyao vinagombana kila uchaguzi kuhusu nani aongezewe kodi.

NSSF yetu haifanyi kazi hivyo. Ni mfuko wa akiba ya mtu binafsi: kilichochangwa kwa jina lako, pamoja na faida, ukitoa gharama, ndicho chako. Vijana wakipungua, akaunti yako haipungui kwa sababu hiyo. Tena Kenya bado ni nchi changa, maana sensa ya 2019 ilikuta robo tatu ya watu wako chini ya miaka 35. Hadithi ya Ulaya ina mahali pake hapa, ila si pale shemeji anapoiweka. Pensheni ya watumishi wa umma wa mfumo wa zamani inalipwa moja kwa moja na kodi, bila mfuko uliotengwa. Tangu 1 Januari 2021 watumishi wapya, na waliokuwa chini ya miaka 45 wakati huo, wamewekwa kwenye mpango wa kuchangia, ambapo mfanyakazi anafika asilimia 7.5 na serikali asilimia 15, lakini waliobaki kwenye mfumo wa zamani watalipwa na Hazina kwa miaka mingi ijayo. Huo ndio mzigo wa wastaafu unaopaswa kujadiliwa kwenye bajeti.

Mfumo wa papo kwa papo ulio mkubwa zaidi Kenya hauna hata ofisi. Ni M-Pesa unayotuma nyumbani kila mwisho wa mwezi. Zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi wako kwenye jua kali, kwenye boda, sokoni, shambani, na wengi wao hawachangii popote. Wakizeeka, Inua Jamii inawapa 2,000 kwa mwezi wakishafika miaka 70. Kinachobaki kinatoka kwa watoto wao. Wewe unawalipia wazazi wako leo na unatarajia wanao wakulipie kesho, na wao watakuwa na kodi ya nyumba na karo zao. Nchi ikibaki hivyo, NSSF ya wachache wenye hati ya mshahara haitaiokoa. Kwa maoni yangu hapo ndipo serikali zote, ya sasa na zilizotangulia, zimeshindwa kazi. Kwa ndugu zako wa jua kali kuna mpango wa hiari wa NSSF uitwao Haba Haba, unaopokea hata shilingi ishirini na kitu kwa siku.

Kuhusu 2027, Bunge linaweza kubadilisha sheria ya NSSF, hata kushusha viwango. Ahadi ya jukwaani haiwezi. Na ikibadilishwa, kilichokwisha kuingia akauntini kinabaki chako kwa masharti ya mfuko. Usipange uzee wako kwa kusubiri nani atashinda.

Sasa meneja. Anachokupa ni punguzo lake yeye. Ukiwa mwajiriwa anakulipia 4,800 za NSSF, 1,200 za nyumba na 50 za mafunzo ya viwanda, jumla 6,050 kila mwezi juu ya mshahara. Ukisaini kandarasi ya 80,000 zilezile, anabaki nazo. Wewe unapoteza likizo yenye malipo, ya ugonjwa na ya uzazi, ilani ya kuachishwa, na ulinzi wa sheria ya ajira. Na ile asilimia 5 haimalizi kodi. Ni kodi ya zuio, malipo ya awali tu. Kila mwezi utapokea 76,000 ufurahi. Mwisho wa mwaka, kwenye 960,000, kodi yako itakuwa karibu 196,600 kama huna gharama za kutoa. Ondoa 48,000 zilizozuiwa, unadaiwa kama 148,600, na hata ukitoa SHIF na ushuru wa nyumba bado utakuwa juu ya 136,000. Zinatakiwa kufikia 30 Aprili, na ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, kufikia 30 Juni. Ukichelewa kulipa ni adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. SHIF na ushuru wa nyumba bado ni wajibu wako, safari hii ukijipelekea mwenyewe. Watu wengi huligundua hili pesa zikiwa zimeshakuwa mawe na saruji.

Kuna la zaidi. Ikiwa utafika saa ileile, utatumia kompyuta yao na kupewa amri na bosi yuleyule, Mahakama ya Ajira inaweza kusema wewe ni mwajiriwa bila kujali karatasi inasema nini. Lakini kufikia huko ni kesi, na kesi ni muda na pesa.

Tuseme ungeweza kuiacha NSSF peke yake bila kugusa mengine. Ungepata nini mkononi? Si 4,800. Kwa kuwa mchango huo unakupunguzia kodi ya asilimia 30, ungepata 3,360. Kwa 3,360 kwa mwezi, ploti ya 600,000 inakuchukua karibu miaka 15, bei ikiwa haijasogea. Na kwa 3,360 hizohizo unazojinyima sasa, 9,600 zinaingia akauntini kila mwezi. Sijui ploti gani inayokupa mwanzo kama huo. Silaumu kununua ardhi, maana wengi wamejenga uzee wao juu yake. Ila ploti tupu haikulipi kila mwezi, na uzee unalipwa kila mwezi. Ukiitaka, inunue kwa akiba nyingine: fanya utafutaji rasmi wa hati, linganisha namba na ramani, mpeleke mpimaji mwenye leseni athibitishe mipaka, na ukumbuke ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani. Usilipe kwa "barua ya ugawaji" (allotment letter) peke yake.

Pesa ya NSSF itatosha? Hapana, na hili shemeji alijue. Tuchukue miaka 22 iliyobaki, 9,600 kwa mwezi, mshahara ukipanda sawa na bei za vitu. Mfuko ukipata faida ya asilimia 3 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, utakuwa na kama milioni 3.5 kwa thamani ya shilingi ya leo. Ukiigawa kwa miaka 20 ya kustaafu huku iliyobaki ikiendelea kuzaa, ni kama 19,700 kwa mwezi, theluthi ya unachopata mkononi sasa. Mfuko ukiambulia tu kulingana na mfumuko wa bei, ni milioni 2.5, na kwa mwezi ni kama 10,500. Tofauti kati ya 19,700 na 10,500 haitokani na chama chochote. Inatokana na uwekezaji, gharama za uendeshaji na wizi unaozuiwa au usiozuiwa. Kwa hiyo kila mwaka angalia faida iliyotangazwa, utoe humo mfumuko wa bei wa mwaka huo, na ujue kilichobaki. Faida ya asilimia 8 wakati bei zimepanda 7.7 ni karibu sifuri.

Ukiweza, ongeza 5,000 kwa mwezi kwenye skimu ya pensheni ya mtu binafsi iliyosajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Uzeeni, RBA. Kodi inakupunguzia 1,500, kwa hiyo unaumia 3,500. Kwa makadirio yale ya asilimia 3, inakuongezea kama 10,000 kwa mwezi uzeeni. Kikomo cha nafuu ya kodi ni 30,000 kwa mwezi au asilimia 30 ya mshahara, chochote kilicho kidogo. Kwako ni 24,000, NSSF yako ikiwa ndani, hivyo umebakiwa na nafasi ya 19,200. Mwombe mwajiri aikate kwenye mshahara ili nafuu ije mwezi huohuo, badala ya kuidai kwenye ritani na kusubiri. Kabla ya kusaini uliza ada zote: ya kuingia, ya mwaka, ya msimamizi na ya mwekezaji. Asilimia 2 kwa mwaka inasikika ndogo, lakini ukiitoa kwenye faida halisi ya 3 umebaki na 1.

Ujue pia kwamba pesa hii imefungwa. Ukiacha kazi kabla ya kustaafu, kwenye skimu hizi unaweza kutoa hadi nusu, tena kwa kukatwa kodi. Nyingine inasubiri. Pensheni inayolipwa baada ya kufikia umri wa kustaafu haitozwi kodi. Kufungwa huko kunaudhi, na ni sababu nzuri ya kutoanza mchango wa ziada kabla huna akiba ya miezi mitatu ya matumizi mahali pa kuifikia haraka, na kabla hujamaliza mikopo ya simu. Hakuna pensheni inayoshinda riba ya mikopo ya simu.

Muulize pia mwajiri kama kampuni ina skimu yake. Sheria inaruhusu michango ya Tier II kupelekwa kwenye skimu ya kampuni iliyoidhinishwa na RBA, na mwombaji ni mwajiri. Baadhi ya skimu hizo zina rekodi nzuri kuliko NSSF, nyingine mbaya. Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitano.

Hatari kubwa zaidi kwako huenda iko ofisini kwenu kuliko Ikulu au Bungeni: mwajiri anakata halafu hapeleki. Hata kaunti na mashirika ya umma yamelimbikiza madeni ya michango ya wafanyakazi wao. Pata taarifa yako ya NSSF kwenye tovuti yao au kwenye dawati lao Huduma Centre GPO, ukiwa na kitambulisho na namba ya uanachama. Ilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi, kuanzia Februari 2023. Kila mwezi uonyeshe mara mbili ya ulichokatwa, na mchango wa mwezi unatakiwa kufika kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kukiwa na pengo, iandikie kampuni kwa barua au barua pepe ukiambatanisha nakala, uwape siku 14. Wasipojibu, nenda tawi la NSSF umwone afisa wa utekelezaji, au Social Security House kule Bishops Road. Kwa skimu binafsi, lalamiko linaanzia kwa wadhamini, kisha RBA, Upper Hill. Weka hati zako za mshahara na fomu za P9 (muhtasari wa mshahara na kodi) za kila mwaka hata ukihama kazi, kwa sababu kampuni ikifungwa hakuna atakayekutolea nakala.

Kandarasi ikija kwa maandishi, usiisaini hapohapo. Mpelekee wakili wa masuala ya ajira au afisa wa kazi, na mhasibu aliyesajiliwa na ICPAK, taasisi ya wahasibu, akupigie hesabu ya kodi kwa namba zako halisi. Ukiamua kuikubali hata hivyo, bei isiwe 80,000. Fidia zile 6,050, thamani ya likizo, na hatari ya kuachwa bila ilani, na usishuke chini ya 100,000. Pia mwone mshauri ana kwa ana ikiwa unaugua kiasi cha kushindwa kazi, ikiwa ndoa inavunjika, au ukikaribia miaka 50, umri ambao NSSF inaruhusu kustaafu mapema, na wengi hutoa pesa hapo bila kujua ni kiasi gani wameacha.

Ukiwa pale Huduma Centre kuchukua taarifa, kagua majina ya warithi uliowaandika. Kama ulijiandikisha ukiwa na miaka 22 ukaweka jina la mama peke yake, na sasa una watoto, jaza fomu mpya siku hiyohiyo.